Nani Aliagiza Picha Hii?

Kuna picha ya mzee mmoja ambayo huenda umewahi kukutana nayo mitandaoni. Ni mwembamba, hana meno, uso wake umekunjamana kwa namna inayotia hofu, na pembeni yake mtu mwingine ameshika vijiti vya chuma vinavyogusa mashavu yake. Mara nyingi husemwa kuwa ni mgonjwa wa akili anayeteswa kwa umeme katika hospitali ya karne ya 19. Watu huitazama, hushtuka, kisha huisambaza.

Maelezo hayo si ya kweli. Mzee yule alikuwa fundi viatu wa zamani. Duchenne wa Boulogne, daktari wa Kifaransa aliyempiga picha katika miaka ya 1850 akisaidiwa na mpiga picha Adrien Tournachon, alimchagua kwa sababu ngozi ya uso wake ilikuwa na ganzi, hivyo misuli iliweza kusisimuliwa kwa umeme pasipo yeye kuhisi maumivu. Duchenne alitaka kujua ni msuli upi unaoufanya uso ucheke, ulie au uogope. Kitabu alichokitoa mwaka 1862 ndicho kilichoeleza kwamba tabasamu la dhati hukaza misuli ya kuzunguka macho pamoja na ile ya midomo, na hadi leo tabasamu la aina hiyo huitwa kwa jina lake. Charles Darwin alizitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia.

Basi mzee wa watu amegeuzwa kuwa kichaa anayeteswa, miaka zaidi ya 150 baada ya kukaa mbele ya kamera, na hana wa kumtetea. Asiyekuwepo na lake halipo. Hayo hayo huwapata mamia ya watu wengine waliopigwa picha ndani ya hospitali za kale za magonjwa ya akili, kwa sababu tunapoziona picha zao tunakimbilia kuuliza uso huu una ugonjwa gani. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: nani aliagiza picha hii, na ilikuwa inakwenda wapi?

Tuchukue Springfield, hospitali ya kaunti ya Surrey nchini Uingereza. Dk. Hugh Welch Diamond alisimamia upande wa wanawake hapo kuanzia 1848 hadi 1858. Mbali na udaktari, alikuwa mmoja wa wapenzi wakubwa wa kamera wa kizazi chake, na rafiki wa Frederick Scott Archer, aliyetangaza mwaka 1851 njia ya kupiga picha kwa bamba la kioo lililopakwa kolodioni, kimiminika kinachonata. Njia hiyo ilipunguza muda wa kutulia mbele ya kamera hadi sekunde chache, na kutoka bamba moja ungeweza kutoa nakala nyingi. Ila ilikuwa na masharti yake. Bamba lilipakwa dawa, likapigwa picha na kusafishwa lingali bichi, yote ndani ya dakika chache, kwa hiyo chumba cha giza hakikuweza kuwa mbali. Na aliyepigwa picha alipaswa kutulia tuli.

Sekunde hizo chache zina uzito mkubwa kuliko zinavyodhaniwa. Mwanamke aliyekuwa akizunguka wodi mchana kutwa asingeweza kutoka vizuri kwenye bamba la Diamond. Aliyekaa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, alitoka bila tatizo. Ndiyo maana picha za miaka ile zimejaa watu walionyamaza, na msomaji wa leo huhitimisha kwamba hospitali zile zilikuwa kimya na nzito kama makaburi. Kimya kile, kwa sehemu kubwa, ni cha kemia. Kelele, vicheko, ugomvi wa chakula, nyimbo, mtu anayesali kwa sauti usiku wa manane: hakuna bamba lililoweza kuvishika.

Mwaka 1856 Diamond alisoma mada yake mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi mjini London, akataja faida tatu za kamera kwa daktari wa akili. Ya kwanza, kuhifadhi sura ya ugonjwa ili uchunguzwe. Ya pili, kumsaidia mgonjwa mwenyewe kwa kumwonyesha anavyoonekana. Ya tatu, kumtambua mgonjwa akirejeshwa hospitalini baada ya kuruhusiwa kuondoka.

Faida ya pili inanigusa kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake mna mtu. Diamond alisimulia habari za msichana wa miaka 20 aliyeamini kuwa ana hadhi ya kifalme. Alionyeshwa picha za wagonjwa wengine waliojiona malkia vilevile, akafurahishwa nazo, akawa anazizungumzia mara kwa mara, na daktari akauona mjadala ule kuwa hatua ya kwanza ya kupona kwake. Hatimaye aliruhusiwa kwenda nyumbani, akiyacheka mawazo yake ya awali. Simulizi hii imetoka kinywani mwa daktari peke yake, tena daktari aliyekuwa akiipigia debe kamera yake, kwa hiyo haifai kumezwa nzima. Hata hivyo inatufahamisha kwamba hapo Springfield wagonjwa waliziona picha zao, wakazishika, wakazijadili. Hiyo ni heshima ambayo wengi wa waliofuata hawakuipewa.

Faida ya tatu, ile ya utambulisho, ndiyo iliyokuja kushinda. Kufikia mwisho wa karne, hospitali nyingi za Uingereza zilikuwa zikibandika picha ya kila anayeingia kwenye kitabu cha kumbukumbu za wagonjwa. Kwenye hospitali ya akili ya kisiwa cha San Servolo, Venice, desturi ya kuwapiga picha wagonjwa ilianza katika miaka ya 1870. Picha ikawa sehemu ya taratibu za kupokelewa, pamoja na kupimwa uzito na kuorodheshewa mali.

Kuna jambo ambalo ningependa lisemwe kila picha za Diamond zinapowekwa ukutani. Springfield ilikuwa hospitali ya maskini, iliyoendeshwa kwa kodi ya kaunti. Wanawake aliowapiga picha hawakuwa na mume tajiri wala wakili wa kuuliza kwa nini sura zao zinaonyeshwa kwenye mikutano ya wapenzi wa picha. Mwaka 1858 Diamond aliondoka, akafungua makazi yake binafsi huko Twickenham kwa ajili ya wanawake wa familia zenye uwezo. Sifa yake yote kama mpiga picha wa wagonjwa inatokana na Springfield, haitokani na Twickenham. Waliolipa ada walilipia pia pazia.

Hata picha zenyewe hazikufika kwa wasomaji kama zilivyopigwa. Mwaka huohuo wa 1858, Dk. John Conolly alichapisha mfululizo wa makala katika jarida la kitabibu la London, zikiambatana na michoro iliyonakiliwa kutoka kwenye picha za Diamond. Uchapishaji wa wakati ule haukuweza kuweka picha halisi karibu na maandishi kwa urahisi, hivyo mchoraji aliingia katikati. Mchoraji huchagua: hufuta kasoro ya pazia nyuma, hukaza mkunjo wa paji la uso. Wanafunzi wa udaktari waliosoma makala zile walidhani wanaiona kazi ya jua na kioo, kumbe waliuona mkono wa mtu. Na Diamond naye hakuwa shahidi asiye na lake. Miongoni mwa picha zake maarufu kuna mwanamke aliyevishwa taji la majani kichwani, akifanana na Ophelia, msichana anayeingiwa na wazimu katika tamthilia ya Shakespeare. Mtu alilikata lile tawi, akalisokota, akamvisha. Sidhani kama ni mgonjwa aliyeliomba.

Kuna mfululizo mwingine wa Conolly unaomwonyesha mwanamke mmoja katika hatua nne, tangu kuchanganyikiwa baada ya kujifungua hadi kupona. Kwenye picha ya mwisho amevaa vizuri, kofia kichwani, tayari kwa safari ya nyumbani. Henry Hering, aliyewapiga picha wagonjwa wa hospitali ya akili ya Bethlem jijini London kati ya takriban 1857 na 1859, naye aliacha picha za jozi za aina hiyo, mtu alipokuwa mgonjwa na alipopona. Zitazame jozi hizo kwa makini. Kinachobadilika zaidi ni nywele na nguo. Uso mara nyingi ni uleule. Kupona, machoni pa kamera, kulimaanisha kurudi katika mavazi ya tabaka lako.

Hering ndiye pia aliyempiga picha mchoraji Richard Dadd akiwa Bethlem. Dadd alimuua baba yake mwaka 1843 akiwa katika ugonjwa, na alibaki chini ya ulinzi hadi kifo chake, kwanza Bethlem kisha hospitali ya Broadmoor kuanzia 1864. Kwenye picha ile anaonekana ameketi mbele ya mchoro wake, brashi mkononi, akiitazama kamera. Ni miongoni mwa picha chache sana za zama zile ambamo mgonjwa anaonekana akifanya kazi anayoijua kuliko yeyote mle chumbani, na jina lake linajulikana. Ukiiweka kando ya picha za wanawake wa Springfield unaona tofauti mara moja. Dadd ana jina, wale wana utambuzi wa ugonjwa.

Picha zilizoagizwa kwa ajili ya uchunguzi wakati mwingine zilifichua jambo ambalo sera rasmi isingependa lionekane. Conolly aliyetajwa hapo juu alijipatia sifa kubwa kwa kuondoa pingu, mikanda na viti vya kufungia watu katika hospitali ya Hanwell kuanzia 1839, na kutowafunga wagonjwa kukawa fahari ya matabibu wa Uingereza. Lakini ipo picha ya takriban 1869 kutoka hospitali ya West Riding, Wakefield, inayomwonyesha mwanamume amefungwa kwenye kiti cha kumzuia asijongee. Miaka 30 imepita tangu Hanwell. Msimamizi wa West Riding wakati huo alikuwa James Crichton-Browne, daktari msomi aliyemtumia Darwin picha za wagonjwa wake alipokuwa akiandaa kitabu chake. Huwezi kumwita mtesaji. Huwezi pia kuuficha mkanda ule. Kwa maoni yangu, picha moja ya aina hii inafundisha historia ya tiba kuliko ripoti kumi za kamati, ilimradi tuambiwe ilipigwa wapi, lini na chini ya nani.

Kisha ikaja Salpêtrière.

Hospitali hii kubwa ya wanawake jijini Paris ndiyo iliyoifanya kamera kuwa kiungo cha tiba. Chini ya daktari wa neva Jean-Martin Charcot, studio kamili ilijengwa ndani ya hospitali, yenye majukwaa, vitanda, mapazia meusi na vishikizo vya kichwa. Kati ya 1876 na 1880, Désiré-Magloire Bourneville na Paul Regnard walitoa juzuu za picha za wanawake waliosemekana kuwa na histeria, jina la wakati ule la ugonjwa wa mishtuko na hisia kali. Baadaye Albert Londe akaongoza idara ya picha na kubuni kamera ya lenzi nyingi, kwanza 9 kisha 12, ili kufuatisha mwendo wa mshtuko mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Aliyepigwa picha zaidi ni msichana anayejulikana kwa jina la Augustine, aliyeingia mwaka 1875. Anaonekana kitandani amevaa gauni la hospitali, mikono imeinuliwa, macho yameelekea juu, na chini ya kila picha kuna jina la hali ya nafsi kana kwamba ni mwigizaji. Picha hizo zimependwa mno na wasanii. Mwaka 1928 washairi wa Paris walizitumia kusherehekea miaka 50 ya histeria, wakaiita ugunduzi mkubwa wa kishairi. Nikiri kwamba sherehe ile hunikera. Kwenye juzuu lilelile lenye picha, Bourneville alinakili maneno ambayo Augustine aliyatamka katika mishtuko yake, na maneno hayo yanarudi tena na tena kwa mwanamume aliyembaka kabla hajaingia hospitalini. Habari iko pale, imechapwa, kurasa chache tu kutoka kwenye picha. Waliosherehekea walichukua picha wakaacha kurasa. Mwaka 1880 Augustine alivaa nguo za kiume akatoka hospitalini, hakurudi. Hakuna kamera iliyolinasa tukio hilo, na kwangu hilo ndilo tendo lake lililo wazi kuliko yote, maana halikuagizwa na mtu mwingine.

Mpaka hapa nimezungumzia nyuso, kwa sababu nyuso ndizo zilizohifadhiwa. Maisha ya kila siku je? Hapa mtazamaji hukutana na jambo la kushangaza. Katika miaka ya 1880 na 1890 mabamba makavu yalikwishaenea, kamera ndogo ya Kodak ilikuwa madukani tangu 1888, na ripoti za mwaka za hospitali ziliweza kuchapisha picha halisi. Ungetarajia tuone watu wakila, wakicheza karata, wakigombana. Badala yake tunaona wodi tupu. Vitanda vimetandikwa kwa mstari ulionyooka, sakafu inang'aa, mitungi ya mimea iko dirishani, piano imefungwa. Watu wameondolewa.

Sababu ni rahisi. Picha hizo ziliagizwa na bodi za hospitali na zilikuwa zinakwenda kwa wanasiasa, wafadhili na jamaa waliohitaji kutulizwa. Mgonjwa aliyesimama katikati ya wodi angeleta maswali: mbona nguo hazimtoshi, mbona amenyolewa? Kitanda hakiulizi. Picha ya wodi tupu hutudanganya kuhusu usafi, ila inasema kweli kuhusu ukubwa. Ukihesabu vitanda, ukapima kwa macho nafasi kati ya kimoja na kingine, unaanza kuelewa maana ya kulala pale. Hospitali ya Colney Hatch, London, ilifunguliwa mwaka 1851 kwa ajili ya wagonjwa wapatao 1,250 na baadaye ikabeba wengi zaidi ya hao. Marekani, idadi ya waliolazwa katika hospitali za umma za akili ilipanda hadi takriban 559,000 mwaka 1955. Pilgrim, huko New York, ilikaribia wagonjwa 14,000 katika miaka hiyo. Hakuna Diamond angeweza kumketisha kila mmoja wao mbele ya pazia.

Kuna aina moja ya picha za hospitali ambamo watu hawakuondolewa: picha za kazi. Zitafute, utazipata kwa wingi. Wanawake kwa makumi katika chumba cha kufulia, mvuke umetanda, mikono ya nguo imekunjwa hadi viwikoni. Wengine wamepanga mistari mbele ya cherehani. Wanaume wako shambani na majembe, zizini na ng'ombe, karakana ya useremala, karakana ya viatu. Hospitali za zama zile zilijilisha, zilijivika na kujifulia zenyewe kwa kiasi kikubwa, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wagonjwa. Madaktari waliiita tiba, na siwezi kusema walikosea kabisa: mtu aliyezoea kulima hupata nafuu akishika jembe kuliko akikaa benchi siku nzima akitazama ukuta. Lakini tiba isiyolipwa, isiyo na mwisho, na inayomwezesha mhasibu wa hospitali kufunga hesabu zake, ina jina jingine. Nchini Marekani ilibidi kusubiri hadi mwaka 1973 ndipo mahakama ya shirikisho, katika kesi ya Souder dhidi ya Brennan, ikaamua kwamba wagonjwa wanaofanya kazi hospitalini wanastahili kinga ya sheria za mshahara wa kima cha chini.

Ningekuwa na uwezo wa kuandaa maonyesho, ningeanza na chumba cha kufulia, kabla ya uso wowote uliopotoka. Tazama mikono. Mgonjwa anayekunja shuka anajua anachokifanya. Wengine wanaicheka kamera, mmoja ameangalia kando kana kwamba ameitwa. Huwezi kutofautisha mgonjwa na mfanyakazi isipokuwa kwa aproni au kwa funguo kiunoni. Kwa kizazi kizima madaktari waliamini kuwa wazimu husomeka usoni, na picha za dobi ndizo zinazowakanusha kwa ushahidi wa hospitali zao wenyewe.

Na si kila mara mgonjwa alikuwa upande wa kutazamwa. Huko Philadelphia, Thomas Story Kirkbride, msimamizi wa Pennsylvania Hospital for the Insane, alishirikiana na ndugu wawili Langenheim, wapiga picha waliosajili mwaka 1850 hataza ya picha za kioo za kuonyeshwa ukutani kwa taa. Jioni wagonjwa walikusanyika ukumbini, taa ikawashwa, wakatazama picha. Watu waliofungiwa walikuwa miongoni mwa watazamaji wa mwanzo duniani kuona picha za kamera zikimulikwa ukutani. Habari hii haisimuliwi vya kutosha. Tungeisimulia zaidi, tungewakumbuka watu hawa kama hadhira yenye ladha na maoni, iliyocheka na kuchoshwa kama hadhira nyingine yoyote.

Lipo kosa upande wa pili pia. Wapo wanaosema picha hizi zote ni unyonyaji, zifungiwe kabatini. Siwaungi mkono, na sababu yangu ni Byberry. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani wapatao 3,000 waliokataa kushika silaha kwa imani zao walipelekwa kuhudumu katika hospitali za akili. Mmoja wao, Charles Lord, alikuwa hospitali ya jimbo ya Philadelphia, maarufu kwa jina la Byberry. Aliingiza kamera ndogo mfukoni, akapiga picha 36. Zinaonyesha wanaume uchi, wamerundikana katika vyumba visivyo na samani, wengine wamelala sakafuni, kuta zimechakaa. Jarida la Life lilizitumia baadhi ya picha hizo katika makala ya Mei 1946, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kitaifa ya afya ya akili. Lord hakuomba ruhusa kwa wale wanaume. Pengine wengi wao wasingeweza kuitoa. Bado nasema alifanya sawa, kwa sababu tunajua picha zilikuwa zinakwenda wapi: zilitoka kwenda kwa watu wenye mamlaka ya kufungua milango.

Sasa linganisha na picha nyingine, za miaka 12 kabla. Mwaka 1934 mpiga picha wa SS, kikosi cha chama cha Nazi, Friedrich Franz Bauer, aliingia katika taasisi ya Schönbrunn karibu na Dachau, Ujerumani, akawapiga picha walemavu na wagonjwa waliokuwa wakiishi humo. Picha za aina hiyo zililisha propaganda ya Wanazi, ambayo ilikuwa na mabango ya kumweleza raia ni pesa ngapi mgonjwa mmoja anaigharimu jamii maishani mwake. Moja maarufu lilitaja Reichsmark 60,000. Kisha, kati ya 1940 na 1941, zaidi ya watu 70,000 waliotolewa katika hospitali na taasisi waliuawa kwa gesi chini ya mpango ulioitwa T4. Ukiondoa maelezo, ukaiweka picha moja ya Schönbrunn kando ya moja ya Byberry, mtazamaji asiyejua ataona kitu kimoja: miili dhaifu, macho yaliyopotea. Moja ilipigwa ili watu waokolewe, nyingine ili wachukiwe. Ndani ya fremu hakuna kinachotenganisha makusudi hayo. Kinachoyatenganisha kiko nje, kwenye jina la aliyeagiza na anwani ya anayepokea, na ndiyo maana picha hizi zikiwekwa mitandaoni bila maelezo, kwa vichwa vya kutisha, nashindwa kuliita jambo hilo burudani isiyo na madhara.

Kuhusu majina, nina msimamo ambao najua hautawapendeza wote. Mwaka 1995 hospitali ya Willard, jimbo la New York, ilipokuwa ikifungwa baada ya zaidi ya karne moja ya kazi, wafanyakazi walikuta darini masanduku zaidi ya 400 ya wagonjwa waliokwishafariki au kusahaulika. Ndani mlikuwa na barua, nguo, vifaa vya kushonea, na picha. Picha hizi hazikupigwa na hospitali. Wenyewe walizileta: picha za harusi, za wazazi, za mtu amevaa suti yake bora akiwa studio. Kwa mara moja tunaona jinsi walivyotaka kuonekana. Walioandika kuhusu masanduku hayo walilazimika kubadilisha au kuficha majina kwa sababu ya sheria za faragha. Kwenye makaburi ya Willard, maelfu walizikwa chini ya alama zenye namba. Mmoja wa wagonjwa, mhamiaji, alichimba makaburi hapo kwa miongo kadhaa, na alipofariki mwaka 1968 naye akazikwa bila jina. Ilichukua miaka mingi ya kudai kabla ya jina lake kuwekwa hadharani mahali pale.

Faragha ni haki ya mgonjwa aliye hai, na hapo sina mjadala. Lakini mtu aliyefariki miaka 80 iliyopita, ambaye uso wake unaonyeshwa bure kwa ulimwengu mzima huku jina lake likifungiwa, analindwa dhidi ya nani? Kinacholindwa hapo ni aibu, na aibu hiyo haikuwa yake. Tukishakubali kuonyesha uso, jina lifuate pale familia inaporidhia, pamoja na kazi yake, mji alikotoka na alichosema mwenyewe kama kiliandikwa. Vinginevyo uso nao ubaki ndani.

Nchini Uingereza, kumbukumbu za wagonjwa mara nyingi hufungwa kwa miaka 100. Maana yake ni kwamba vitabu vya miaka ya 1920 vinafunguka sasa, vikiwa na picha moja kwa kila aliyeingia, mbele, mabega wazi, mwanga wa dirishani. Watu wale wana wajukuu walio hai, wengi wao hawajui kabisa kwamba bibi aliyekatwa kwenye albamu ya nyumbani ana picha kwenye jalada la hospitali. Watunza nyaraka wanaweza kuanza kuwatafuta wajukuu hao kabla picha haijapakiwa mtandaoni, wawaonyeshe ukurasa mzima na maandishi yake yote, wawaulize bibi aliitwaje nyumbani, na wayaandike majibu yao chini ya picha palipokuwa na jina la ugonjwa tu.